Ng'ombe wa Theopista na Kofia ya Mkwe

Niwaambie mapema, maana watu wa mji huu hupenda kusimulia wasichokiona: yule ng'ombe alichorwa na Theopista, na mimi, Vaileth, nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake nikichapa mitihani ya darasa la sita. Mtu wa Kahama asikudanganye kwamba ng'ombe alianzia kwao. Kahama walimvalisha miwani tu, na hata hiyo miwani waliichora vibaya.

Mwaka ulikuwa tisini na nane. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha na kutuachia barabara za mashimo matupu. Mimi na Theopista tulikuwa wachapaji katika duka la Girish, karibu na stendi ya mabasi, Shinyanga mjini. Girish ni Mhindi, lakini Mhindi wa kuzaliwa hapa hapa, anaongea Kisukuma kinachonishinda mimi niliyenyonyeshwa na Msukuma. Alikuwa akiuza madaftari na kalamu na kutoa fotokopi, na mwaka huo akaingiwa na wazimu, akanunua kompyuta Mwanza, ikaletwa imeviringishwa kwenye godoro. Mimi niliiogopa ile mashine, sioni haya kusema. Theopista aliikalia siku ya kwanza kama mtu aliyekaa kwenye kigoda cha jikoni kwao.

Ni mtu wa namna gani huyu Theopista? Mfupi, mweusi wa kung'aa, na ana ugonjwa wa kucheka kabla hajamaliza kusimulia, kwa hiyo nusu ya vichekesho vyake mpaka leo sijui vinaishaje. Alikuwa akiishi Ngokolo kwa shangazi yake, Mama Mageni, mwanamke ambaye akikuita kwa jina lako kamili unaanza kukumbuka makosa yako ya mwaka juzi. Na alikuwa na mchumba, Ansgar, kijana Msumbwa wa Ushirombo, aliyekuwa akifanya kazi uwanja wa ndege Ibadakuli. Tulikuwa tukimwambia kwamba kazi yake ni kufukuza mbuzi ili ndege isije ikatua juu yao, naye hakubisha sana. Posa ilikuwa imepokelewa, mahari imekubaliwa, kilichobaki kilikuwa kikao cha kupanga siku ya harusi. Theopista alimpenda yule kijana mpaka ikawa kero. Kila tulipojaribu printa, karatasi ilitoka imeandikwa Ansgar, Ansgar, Ansgar.

Sasa, Girish alikuwa na binamu yake Dar es Salaam, anaitwa Sanket, aliyekuwa kwenye ofisi yenye intaneti. Sisi wa huku intaneti tulikuwa tunaisikia tu. Huyo Sanket nadhani kazi hakuwa akifanya, maana hakuacha kumtumia Girish kwa faksi vichekesho ambavyo watu wa Ulaya na Amerika walikuwa wakitumiana huko kwenye mtandao wao. Vingi vilikuwa picha zilizochorwa kwa herufi tupu. Paka wa mabano na nukta. Meli ya vistari. Ukiisogeza karatasi karibu na macho unaona herufi, ukiiweka mbali unaona paka. Hakuna aliyejua nani kamchora yule paka, na chini yake palikuwa pamejaa maneno ya watu wasiojuana, kila mmoja kaongeza lake.

Theopista alimtazama paka, akacheka, kisha akanuna.

"Dunia nzima hiyo," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuchora ng'ombe?"

Basi akachora yeye. Dume. Pembe kwa mabano, pua kwa herufi mbili za mviringo, mwili mzima kwa vialama vya kujumlisha ili aonekane ana manyoya. Alishinda nalo mchana kutwa, mpaka mteja aliyekuja kuchapiwa barua ya kuomba kazi akachoka kungoja akaondoka. Alipomaliza, akaona dume bila wa kutaniwa ni dume bure. Akamvisha kofia ya konda, akampanua mdomo, chini akaandika: SOGEENI NYUMA, NAFASI IPO.

Huyo alikuwa Marselino, mdogo wake Ansgar, konda wa basi la kwenda Katoro kupitia Kahama na Ushirombo. Marselino ni shemeji, na shemeji ni wa kutaniwa. Usipomtania shemeji yako watu wanauliza mna ugomvi gani. Marselino alipoletewa ile karatasi alicheka mpaka akajishika kwenye kaunta. Akaomba kopi, Girish akamtolea furushi zima kwa furaha ya kuona mashine yake imetengeneza kitu, na Marselino akazibandika ndani ya basi. Kila liliposimama akaacha moja. Baada ya hapo ng'ombe hakuwa wetu tena.

Kahama mtu akafuta kofia ya konda kwa kalamu nyeupe ya kufutia, akachora miwani, akaandika: UMELETA ADA? Ushirombo mtu mwingine akaongeza kofia ya pama iliyoinama upande, na uzi wa kufungia mguu mmoja wa miwani, akabadilisha maneno: UMESALI? Hiyo ndiyo iliyofika Nyarugusu, huko Geita, kwa wachimbaji wa dhahabu, na wachimbaji wakaipenda kupita kiasi. Duara, yaani lile shimo la kuchimbia, halikuwa na mlango pale Nyarugusu ila lilikuwa na ng'ombe. Kabla hujashuka unakutana naye, anakutazama kwa miwani yake mibovu: UMESALI? Wengine walikuwa hawajasali tangu kipaimara, wakasali.

Halafu kila mtu akataka wa kwake. Kilabuni akauliza UMELIPA? Kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, akauliza UMEPANGA FOLENI? Zahanati moja akauliza UMEMCHANJA MTOTO? Marselino alikuwa akirudi na hizo karatasi kila safari, nasi tunaziangalia dukani tukicheka mpaka wateja wanatuuliza kulikoni. Girish akampelekea Sanket mmoja kwa faksi, Sanket akamwingiza kwenye intaneti, na siku moja faksi ikaanza kukoroma, akatoka ng'ombe wetu huyo huyo, kavaa skafu shingoni, na maneno ya Kiingereza. Girish akatufasiria: UMEFUNGA MLANGO? Ng'ombe huyo alikuwa ametoka Kanada. Watu wa huko wasiomjua Theopista wala Shinyanga walikuwa wamemwona wakamwonea huruma kwa baridi.

"Ng'ombe wangu amefika Kanada," Theopista akasema, "na mimi sijafika hata Biharamulo." Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Alitembea nayo mpaka Ngokolo na kurudi.

Ansgar ndiye aliyeizima. Alikuja dukani Jumamosi kumchukua mchumba wake, akakuta tumezitandaza kaunta nzima. Akacheka kwa ile ya kilabuni, akacheka kwa ile ya karasha. Alipofika kwenye ile ya Nyarugusu kicheko kikakatika. Akaiokota, akaitazama kwa karibu na kwa mbali.

"Hii kofia ni ya Baba," akasema. "Na huu uzi ni wa miwani ya Baba."

Hapo ndipo tulipoelezwa yale ambayo Ushirombo yote ilikuwa ikiyajua, na ambayo Marselino, kwa kupenda kicheko, hakutuambia. Mzee Stanslaus, baba yake Ansgar, alikuwa katekista kwa miaka mingi kuliko umri wetu. Hakuwa akimsalimia mtu habari za asubuhi. Ukikutana naye, akiwa amevaa pama lake, alikuuliza jambo moja tu: umesali? Vijana wake wa mafundisho ndio hao hao waliokwenda kuchimba Nyarugusu. Sisi hatukuwa tumewahi kumwona, kwa sababu mambo ya posa yote alikuja nayo mshenga.

Kwa asiyejua mila zetu nitasema kwa kifupi. Shemeji ni utani. Babu na bibi ni utani. Baba mkwe ni heshima tupu, kwetu Usukumani na kwao Usumbwani vile vile. Mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hali naye, akikutana naye njiani anampisha na kugeuza uso. Kumtania ni jambo ambalo hata halina adhabu inayojulikana, maana hakuna aliyewahi kulifanya. Na hapa kulikuwa na binti ambaye hata hajaolewa, kamgeuza baba mkwe kuwa dume la ng'ombe na kumbandika kwenye mashimo yote ya Geita.

"Mimi nilimchora shemeji," Theopista akasema, machozi yanamtoka. "Mkwe sikumchora mimi."

"Najua," Ansgar akasema. "Lakini ng'ombe ni wako, na kila mtu anajua ni wako." Hakumfokea. Ingekuwa afadhali amfokee, maana aliikunja tu ile karatasi taratibu, na Theopista akaona harusi yake inakunjwa pamoja nayo.

Unadhani alikaa akingoja? Alipanda basi la Marselino akaanza kubandua. Mimi nilikwenda naye, kwa sababu siwezi kumwacha mjinga aende peke yake. Tulibandua stendi, tukabandua kwenye nguzo, mama mmoja wa chai akatukimbiza na mwiko akisema tumwachie ng'ombe wake, amemletea wateja. Kahama tulikuta fundi baiskeli amemwita mchora mabango akamchora ng'ombe ukutani kwa rangi ya mafuta, mkubwa kuliko yule wa kweli, anauliza UMEJAZA UPEPO? Theopista alikwangua ule ukuta kwa ukucha mpaka nikamshika mkono. Tuliporudi Shinyanga na mfuko wetu wa karatasi zilizochanika, tulikuta stendi wamebandika wengine. Girish akamwonea huruma, akasema kwa Kisukuma, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "mimi naweza kuacha kutoa kopi, lakini duka la ng'ambo haliachi." Akaacha hata hivyo. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha Marselino akaleta habari yenyewe. Alishuka kwenye basi bila kupiga kelele, nikajua kuna msiba.

"Shemeji, Baba ameiona," akasema. "Alikuwa kwenye mgahawa, wachimbaji wanacheka, akageuka ukutani. Ameibandua, ameitia mfukoni. Akauliza nani anachora kwa herufi namna hii, wakamwambia ni binti wa kwa Girish. Amesema kikao atakuja mwenyewe."

Baba wa kijana haji mwenyewe kwenye kikao. Anamtuma mshenga. Mama Mageni alipolisikia hilo alikaa chini, yeye asiyekaa. "Theopista," akasema, "umeivunja nyumba kabla hujaiingia." Tangu siku hiyo hadi siku ya kikao Theopista hakucheka hata mara moja, na dukani kukawa kama kwa watu wengine wote, kazi tu.

Walikuja asubuhi ya Jumapili baada ya misa. Wazee wetu upande mmoja wa sebule ya Mama Mageni, wao upande wa pili, mimi na Theopista chumbani nyuma ya pazia, kwa sababu bibi harusi hakai kikaoni. Sebule yenyewe ni ndogo, pazia lenyewe ni jepesi, kwa hiyo tulikuwa kikaoni sawasawa na wao. Nilichungulia. Mzee Stanslaus alikuwa mrefu, mkavu, amekaa wima, pama lake amelipakata magotini. Pembeni yake mshenga wao, Ezekiel, mtu wa maneno mengi ambaye siku hiyo alikuwa na machache. Ansgar na Marselino walikuwa mlangoni kama washtakiwa.

Baada ya salamu na chai, mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa Ezekiel. Ezekiel akaifungua mbele ya watu. Alikuwa ni yeye, ng'ombe, na pama na uzi wake.

"Mzee anauliza," Ezekiel akasema, "huyu ng'ombe ni wa nani."

Mama Mageni akatazama sakafu. Nilikuwa tayari kusema ni wangu. Mimi sikuwa na mkwe wa kumpoteza. Theopista akanishika kifundo cha mkono.

"Ni wangu," akasema kutoka nyuma ya pazia. "Kofia na miwani si mimi niliyeweka. Nilimchora nikimtania shemeji. Lakini nikimkana ng'ombe nitakuwa nimesema uongo, na sitaki kuingia nyumba ile kwa uongo. Naomba radhi."

Mzee Stanslaus hakutazama pazia. Alimwinamia Ezekiel, akanong'ona. Ezekiel akasikiliza, uso ukambadilika, akauliza, "Niseme hivyo hivyo?" Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Mzee anasema," Ezekiel akasema polepole, "kofia yake huinamia kushoto. Hapa imeinamia kulia. Watu watadhani ni mtu mwingine."

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Mzee akanong'ona tena.

"Anasema pia ule uzi aliutoa tangu Pasaka. Miwani imeshatengenezwa. Irekebishwe." Akanong'onewa tena. "Na anauliza kama ni kweli amefika Kanada."

"Amefika, Baba," Marselino akasema kutoka mlangoni. "Kavaa skafu."

"Amefika," Ezekiel akamwambia mzee, kana kwamba mzee hakuwa amesikia. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa habari za mwanawe aliye masomoni.

Mama Mageni uvumilivu ukamwisha. "Mshenga, tuambie basi. Mzee amekasirika au hajakasirika?"

Hapo mzee akasahau kunong'ona. Alisema mwenyewe, huku ameutazama ukuta ulio mbali kabisa na pazia letu.

"Nilikuwa na mtani," akasema. "Pantaleo, mtoto wa shangazi yangu. Hii kofia hakuipa raha. Hata siku nikiwa nimeshika msalaba kwenye maandamano, alikuwa pembeni ya barabara ananicheka. Amekufa, miaka imepita sasa. Tangu afe, kwangu ni shikamoo tu. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo. Watoto shikamoo, wazee wenzangu shikamoo. Siku ile mgahawani nikasikia kicheko, nikageuka, nikaona anayechekwa ni mimi." Akalishika pama, akaligeuza mikononi. "Niliichukua hiyo karatasi nikaenda nayo makaburini. Nikamwambia Pantaleo, ona, wamepatikana wengine."

Nilimsikia Theopista pembeni yangu akivuta pumzi. Mama Mageni, yule mwanamke mkali, alifuta macho kwa ncha ya kanga wala hakujificha. Na mimi nililia, niseme uongo wa nini. Mzee akakumbuka alipo, akamwinamia tena Ezekiel, na sauti ya kikao ikarudi.

"Mzee anasema," Ezekiel akatangaza, "mkwe ni mkwe na mkamwana ni mkamwana, na hilo halibadiliki. Binti asije akamtania hata siku moja. Lakini karatasi zinazoletwa na basi, yeye hajui nani anazichora, wala hatauliza tena. Sasa anaomba tupange siku ya harusi."

Ikapangwa. Theopista alicheka nyuma ya pazia huku ameuma kanga yake ili asisikike, na wote walimsikia. Harusi ilikuwa mwezi wa tisa Ushirombo, na wachimbaji walikuja kutoka Nyarugusu wamevaa viatu vya kuazima, kwa sababu ya kumwona mzee wa ng'ombe.

Wiki chache baadaye walikwenda Ushirombo kuwasalimia wazee, nami nikafuatana nao. Kabla ya hapo, Ansgar alikuwa amemwambia mkewe jambo la nyumbani kwao, kwamba Baba, huyo anayeuliza watu kama wamesali, husinzia padri anapohubiri. Basi la Marselino likafika kule na karatasi isiyo na jina la mtu: dume limekaa kwenye benchi la kanisa, pama limeinamia kushoto, miwani haina uzi, macho limefumba, na chini pameandikwa: SIJALALA, NASALI.

Asubuhi moja mimi na Theopista tulikuwa tukitoka sokoni, tukapitia stendi ya Ushirombo. Mzee Stanslaus alikuwa amesimama peke yake mbele ya ukuta, mikono nyuma, anasoma. Mwanzoni hakuonyesha kitu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena, na mabega yakaanza upya. Alipogeuka kutafuta kitambaa mfukoni ndipo alipomwona mkamwana wake ng'ambo ya barabara.

Theopista akashuka pembeni ya njia kama inavyotakiwa, akampa mgongo. Mzee naye, kwa heshima ile ile, akageuka akampa mgongo, akaukabili ukuta. Wakasimama hivyo, barabara katikati yao, kila mmoja anatazama kwake, na wote wawili wanacheka mpaka wameshika mbavu. Watu waliokuwa wakipita wakawazunguka bila kuuliza. Nikachukua kikapu kwa mkono mwingine, nikangoja wamalize.